Nani Amshike Mtoto Yupi? Kujitayarisha Kabla ya Volkano

(Muziki wa kipindi. Unashuka polepole na kubaki chini ya sauti.)

MTANGAZAJI: Leo tunazungumza juu ya volkano. Najua wapo wanaosema, "Tena volkano?" Ndiyo, tena. Ila leo hatutakaa sana juu ya mlima. Tutakaa nyumbani, katika zile dakika 10 za kwanza, baada ya mtu kupiga kelele barabarani kwamba moto unashuka.

MWENZAKE: Dakika 10 tu, dada?

MTANGAZAJI: Hizo 10 zinaamua mengi, kaka. Tukumbuke Jumamosi ile, tarehe 22 Mei 2021. Mnamo saa moja jioni Nyiragongo ilipasuka ubavuni. Wakaaji hawakuwa wamepewa tahadhari yoyote kabla. Watu waliona anga limekuwa jekundu kuliko kawaida, wakaanza kuulizana kwa simu, na muda mfupi baadaye barabara zilikuwa zimejaa. Lava ikashuka kuelekea mjini, ikakata barabara ya Rutshuru, ikateketeza nyumba katika teritwari ya Nyiragongo, ikasimama Buhene, karibu kabisa na uwanja wa ndege wa Goma.

Kesho yake serikali ikatoa hesabu ya kwanza ya waliokufa. Walikuwa watu 15. Sikilizeni walikufaje. Watu 9 walikufa katika ajali ya gari wakati wa kukimbia. Watu 4 walikuwa wafungwa waliojaribu kutoroka gereza la Munzenze. Watu 2 waliungua. Baadaye hesabu iliongezeka, ikafika kama watu 32, lakini ile ya kwanza inatufundisha jambo moja: usiku ule barabara iliua watu wengi kuliko lava.

Halafu kuna watoto. UNICEF ilisema kwamba watoto zaidi ya 150 walikuwa wametengana na familia zao, na wengine zaidi ya 170 walihofiwa kuwa wamepotea. Baba alidhani mtoto yuko na mama. Mama alidhani yuko na dada yake mkubwa. Dada mkubwa alidhani ameshikwa na jirani. Kila mmoja alikuwa na sababu nzuri ya kudhani hivyo, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameambiwa kabla ya siku hiyo nani amshike mtoto yupi.

(Muziki mfupi.)

MWENZAKE: Dada, kabla hatujaendelea. Kuna mtu atasema, "Lava ya Nyiragongo inakimbia kama maji, dakika 10 za kupanga nitazitoa wapi?"

MTANGAZAJI: Ana haki ya kuuliza, na jibu linategemea anakaa wapi. Lava ya Nyiragongo kweli ni nyepesi sana, ni nadra kuona volkano nyingine yenye lava ya namna hiyo. Tarehe 10 Januari 1977 ziwa la lava lililokuwa ndani ya mlima lilimwagika lote kwa muda usiofika saa moja. Kule juu kwenye mteremko mkali lava ilikwenda kasi ya gari, na wanavijiji waliokuwa njiani hawakupata nafasi. Kwa hiyo ndugu zetu wa Kibati, wa Mudja na wa vijiji vya juu, shauri letu kwenu ni fupi: mkisikia mlima umepasuka, msichukue kitu chochote ila watu. Tokeni upande, mbali na mabonde ambamo lava inaweza kupita.

Lakini mlima uko kilometa zisizofika 20 kutoka Goma, na ardhi inalala kadiri unavyokaribia ziwa. Lava inapofika mjini inakuwa imepunguza mwendo. Tarehe 17 Januari 2002, ilipopita katikati ya Goma, watu wengi waliweza kutembea mbele yake kwa miguu. Mkaaji wa mjini kwa kawaida ana muda kidogo. Ni muda wa kuvaa viatu, kuzima moto, kuchukua mfuko na kuhesabu watoto. Muda wa kuanza mabishano haupo.

Sasa turudi kwa watoto, maana hapo ndipo tunataka mkae nasi zaidi.

Leo jioni, mkiwa mnakula, gawaneni. Mama anamfunga mdogo mgongoni kwa kikwembe. Binti mkubwa anamshika mkono wa anayemfuata, na hana kazi nyingine yoyote usiku huo; msimpe mfuko wala godoro. Kijana anamsaidia bibi. Baba, akiwepo, anabeba mfuko na maji na anatembea nyuma ya wote, ili awaone. Ninawaomba msipuuze hili la kutembea nyuma. Wanaume wengi hutangulia ili kufungua njia, kisha wakigeuka hawamwoni mtu.

MWENZAKE: Na baba asipokuwepo?

MTANGAZAJI: Tunaomba mpange kana kwamba hayupo. Ile ilikuwa Jumamosi jioni. Mmoja yuko Birere kwenye biashara, mwingine yuko kwenye pikipiki anatafuta abiria, mwingine kwenye mazoezi ya kwaya, vijana wanaangalia mpira. Familia chache sana huwa nyumbani zote kwa saa hiyo. Kwa hiyo muwe na majina mawili kwa kila mtoto: anayemshika kwanza, na anayemshika ikiwa wa kwanza hayupo. Jina la pili linaweza kuwa la jirani. Nenda kwa Mama wa nyumba ya pili, keti naye, mwambie: "Mama, ikiwa mlima umelipuka na mimi niko sokoni, chukua wanangu pamoja na wako. Na mimi nitafanya vilevile kwa wako." Mtaje na mahali atakapowapeleka. Katika nyumba kumi zenu mnajuana vya kutosha kufanya mapatano hayo, na hayagharimu hata franga moja.

Kisha kuna kanuni moja ngumu. Mzazi aliye mbali na nyumbani asirudi kinyume na watu wanaokimbia. Moyo utamwambia arudi, na hakuna mzazi asiyeelewa hilo. Lakini akirudi atakuta nyumba tupu, na watoto wake watakuwa wamefika mahali pa kukutana wakimngoja yeye. Anayekuwa mbali anakwenda moja kwa moja mahali pa kukutana. Hiyo inawezekana tu ikiwa ana uhakika kwamba kuna mtu amewachukua watoto, na ndiyo maana mapatano na jirani yanatangulia.

Mfundishe mtoto majina. Hapa kwetu mama huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza: Mama Furaha, Mama Baraka. Mtoto wa miaka 4 aliyepotea Sake ukimwuliza mama yake anaitwa nani, atakujibu "Mama Furaha", na hapo barabarani kina Mama Furaha wako 100. Ajue jina kamili la mama, jina kamili la baba, na jina la avenyu yenu. Wale wadogo zaidi, andika majina hayo na namba ya simu kwenye karatasi, funga karatasi katika plastiki, shona ndani ya nguo au weka tayari na pini karibu na mlango. Kalamu ya wino mzito juu ya mkono wa mtoto nayo inafanya kazi, ila mvua na jasho huifuta.

MWENZAKE: Na mimi nikiokota mtoto njiani?

MTANGAZAJI: Umesema vizuri kuuliza. Ukimkuta mtoto peke yake, kwanza simama naye palepale kwa muda, kama ni mahali salama, maana mzazi huwa anarudi hatua chache. Asipotokea, mpeleke kwa watu wa Msalaba Mwekundu au kwa wakuu wa mahali mtakapofika, uwaambie ulimwokota wapi hasa na saa ngapi. Usimpeleke kwako kwa nia njema bila kumwambia mtu, kwa sababu hapo unamficha bila kujua. Na picha yake usiitawanye kwenye WhatsApp pamoja na jina na mahali alipo. Si kila anayekuja kusema "huyu ni wangu" ni mzazi wake.

(Muziki mfupi.)

MTANGAZAJI: Tumesema mahali pa kukutana. Hapa kuna jambo ambalo familia nyingi hulisahau. Wanachagua mahali pamoja, na kwao wamemaliza. Hebu tuangalie mwaka 2002. Lava ilishuka kutoka kaskazini, ikapita juu ya sehemu ya uwanja wa ndege, ikapita katikati ya mji hadi ikaingia ziwani. Mji ukagawanyika. Waliokuwa upande wa mashariki walikwenda Gisenyi. Waliokuwa upande wa magharibi walielekea Sake. Kuvuka kutoka huku kwenda kule hakukuwezekana. Familia iliyokuwa imeahidiana "tukutane Gisenyi" na mmoja wao alikuwa Keshero, ilifanyaje?

Kwa hiyo muwe na mahali pawili. Pamoja upande wa mashariki, pengine Gisenyi kwa rafiki au kwa ndugu, au kanisa mnalolijua karibu na mpaka. Pa pili upande wa magharibi, kwa mfano parokia fulani, shule fulani, nyumba ya shangazi Sake au Minova. Kila mtu nyumbani ayataje yote mawili kwa mdomo, mpaka yule mdogo. Na mtu wa tatu awe mbali kabisa: ndugu wa Bukavu, wa Butembo, wa Kampala, yeyote ambaye namba yake wote mnaijua kwa kichwa. Simu za mji zikizidiwa, mara nyingi ujumbe mfupi wa maandishi hupita pale ambapo sauti haipiti. Kila mmoja anamwandikia huyo wa mbali: "Niko Sake, niko na Neema." Yeye anakusanya habari za wote.

Lava inatafuta mabonde na inaelekea ziwani. Ukiona inakuja kutoka kaskazini, usikimbie moja kwa moja kusini mbele yake hadi ukafika majini ukakosa pa kwenda. Toka kando, mashariki au magharibi, upande ambao haujakatwa. Wenye kukaa karibu na ziwa huona boti ni njia ya haraka. Inaweza kuwa, lakini boti iliyojaa kupita kiasi usiku, na watu hawana makoti ya kuokolea, ni hatari nyingine kubwa.

MWENZAKE: Turudi kwenye mfuko. Ndani ya mfuko kuna nini?

MTANGAZAJI: Mfuko wa shule unatosha, au gunia dogo lenye kamba za kuvaa mgongoni. Sanduku halifai, na beseni la kichwani halifai usiku katikati ya watu wanaosukumana. Weka kwanza karatasi: kadi ya uchaguzi, hati za kuzaliwa za watoto, diploma, karatasi za kiwanja, vyote katika plastiki iliyofungwa. Mwaka 2002 nyumba nyingi za Goma zilifunikwa na lava, na kilichobaki ndani hakikupatikana tena. Chukua pia picha ya kila karatasi kwa simu, umtumie yule ndugu wa mbali.

Kisha dawa. Mwenye dawa za kila siku, za virusi, za kifua kikuu, za kisukari, za shinikizo la damu, za kifafa, awe na za zaidi ya siku 10 pembeni, pamoja na kadi yake ya hospitali. Nimesema zaidi ya siku 10 kwa sababu. Baada ya mlipuko ule, tarehe 27 Mei 2021, kabla jua halijachomoza, gavana alitangaza kwamba mitaa 10 kati ya 18 ya Goma iondoke, kwa sababu wataalamu walikuwa na hofu ya lava iliyokuwa chini ya mji na chini ya ziwa. Mamia ya maelfu ya watu waliondoka asubuhi ileile. Kurudi kulitangazwa tarehe 7 Juni. Hesabu mwenyewe.

Chakula cha kuliwa bila kupika: karanga za kukaanga, biskuti, sukari. Unga wa uji kwa wadogo. Tochi, redio ndogo, chaja. Pedi au vitambaa kwa wasichana na kina mama. Pesa kidogo za noti ndogondogo, kwa sababu siku hiyo nauli hupanda, na mwenye noti kubwa harudishiwi chenji. Maji: bidoni ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, na hadi Sake ni kama kilometa 25. Hutaifikisha. Bidoni ya lita 5 kwa kila mtu mzima inabebeka. Kabla hamjasema mfuko uko tayari, mmoja wenu auvae atembee nao hadi mwisho wa avenyu na kurudi. Akirudi anahema, punguzeni.

Na viatu. Mji wetu umejengwa juu ya mawe ya lava ya zamani, yanakata kama chupa. Kila mtu awe na viatu vilivyofungwa karibu na mlango. Kambambili zitakukatikia kabla hujafika njia kubwa.

Wenye chukudu wana bahati, unaweza kumpakia mzee, au mlemavu, au maji ya familia tatu. Semeni mapema na mwenye chukudu wa jirani. Watu wasioweza kutembea wasiwe wa kukumbukwa mwishoni, maana mwishoni hakuna mkono uliobaki. Mkuu wa mtaa au kiongozi wa nyumba kumi anapaswa kujua nyumba zipi zina mtu wa namna hiyo, na vijana wawili wawe wametajwa kwa kila mmoja wao.

Mnapotoka, zimeni babula kwa maji au mchanga. Nyumba zetu nyingi ni za mbao, na babula moja iliyosahauliwa inaweza kuchoma avenyu nzima ambayo lava haikuigusa.

(Muziki. Unapanda kidogo, unashuka.)

MTANGAZAJI: Sasa tuseme mmetoka salama. Mmetembea hadi usiku wa manane, watoto wamechoka, mnataka kulala. Hapa, wapenzi wasikilizaji, kuna hatari ambayo wageni hawaijui, lakini wazee wetu waliipa jina zamani: mazuku.

Njia ya kwenda Sake inapita karibu na Mugunga na Bulengo. Katika maeneo hayo, na pia kando ya ziwa huku Himbi na Keshero, kuna mahali ambapo gesi inatoka ardhini. Ni gesi ya kaboni, ileile tunayotoa tunapopumua, lakini hapo inatoka kwa wingi. Ni nzito kuliko hewa. Kwa hiyo haipandi juu ikapotea, bali inateremka na kutulia ndani ya mashimo na mabonde madogo kama maji yanavyojaa bakuli. Haina rangi, na huwezi kutegemea pua yako kuitambua. Usiku, na asubuhi mapema kabla ya jua na upepo, hujaa zaidi. Mtu anayeingia huko anazimia baada ya kuvuta pumzi chache, anaanguka, na akishaanguka kichwa chake kiko chini kabisa, mahali gesi ilipo nyingi.

MWENZAKE: Ndiyo maana mbuzi na watoto hufa kwanza.

MTANGAZAJI: Ndiyo, kaka, wako karibu na ardhi. Mtu mzima anaweza kupita amesimama asisikie kitu, na mtoto anayemshika mkono akalegea. Kwa hiyo mkitafuta pa kulala, pandeni. Laleni juu ya mwinuko, hata kama kuna upepo na baridi. Lile shimo zuri lililojikinga na upepo, lenye majani laini, ndilo la kuogopa. Ukiona ndege, wadudu au panya waliokufa mahali pamoja, au majani yaliyokauka kwa duara bila sababu, ondoka. Waulizeni wenyeji, karibu kila mahali penye mazuku wenyeji wanapajua, na pengine wameweka alama.

Na mtu akianguka ndani ya shimo hilo, usiingie kumtoa. Ninajua ninasema jambo gumu. Yanayotokea ni haya: wa kwanza anaanguka, ndugu yake anaingia, naye anaanguka, wa tatu anaingia. Mvute kwa kamba au mti mrefu ukiwa umesimama juu, ukiweza, na ita msaada. Kitambaa chenye maji puani hakizuii gesi hii hata kidogo. Kitambaa kinasaidia kwa majivu tu.

Gesi nyingine ni ile ya makaa. Katika kibanda cha turubai kilichofungwa, babula ya kuota moto usiku inaweza kuua familia nzima ikiwa usingizini. Ipikeni nje, ibaki nje.

Kuna na lava yenyewe ikishasimama. Inaonekana nyeusi, inaonekana imepoa. Juu kuna ganda, ndani kuna moto kwa siku nyingi, na katika nyufa zake gesi inaendelea kutoka. Mwaka 2021 watu walikufa kwa kukosa hewa walipojaribu kuvuka lava iliyoanza kuganda, kwa sababu tu ilikuwa imekata njia yao ya kwenda nyumbani au sokoni. Zunguka, hata kama ni mwendo wa siku nzima. Na petroli: mwaka 2002, siku chache baada ya mlipuko, makumi ya watu walikufa hapa Goma kwenye kituo cha mafuta kilichozungukwa na lava. Walikwenda kuchota mafuta, yakalipuka. Ukiona watu wanakimbilia mafuta ya bure karibu na lava, chukua watoto wako uende mbali.

MWENZAKE: Matetemeko nayo hayakuisha haraka mwaka ule.

MTANGAZAJI: Yalitetemesha Goma na Gisenyi kwa siku kadhaa, nyumba zikapasuka pande zote mbili za mpaka. Ukuta wa matofali uliopasuka usilale karibu nao, ndani wala nje. Nyumba ya mbao ina nafuu katika tetemeko. Mkiwa ndani na ardhi ikatikisika, jikunjeni chini ya meza imara mkilinda kichwa, kisha tokeni ikitulia.

Majivu sitayasemea sana. Mlima ukitoa majivu, ondoeni mabomba yanayoingiza maji ya paa ndani ya tangi, funikeni bidoni zote, na msinywe maji ya mvua ya kwanza. Majivu ya volkano yanaleta fluori nyingi ndani ya maji, na kuchemsha hakuiondoi. Mboga zioshwe vizuri kwa maji safi. Wenye pumu wakae ndani.

(Muziki mfupi.)

MWENZAKE: Dada, na nani tumwamini? Siku zile simu zilikuwa zinalia kila dakika. Huyu anasema ziwa litalipuka, yule anasema mlima mwingine umefunguka.

MTANGAZAJI: Kituo cha uchunguzi wa volkano cha Goma, ambacho wengi tunakiita OVG, kinatumia rangi nne. Kijani ni utulivu. Manjano ni kuwa macho. Machungwa maana yake mfuko uwe mlangoni, wagonjwa, wazee na wajawazito waanze kupelekwa kwa ndugu. Nyekundu ni kuondoka kwa njia mnazoambiwa. Mji wetu umekaa katika manjano mara nyingi hata watu hawaitazami tena. Itazameni, ila jueni pia kwamba tarehe 22 Mei 2021 mlima haukungoja tubadilishe rangi. Ndiyo sababu mipango ya nyumbani inafanywa siku ya kawaida kama leo, watu wakiwa wametulia.

Anga jekundu juu ya mlima usiku, peke yake, si alama ya kukimbia. Ziwa la lava likiwepo ndani ya mlima, hung'aa. Kabla hujatuma ujumbe kwa wengine, jiulize: nani amesema, na lini? Ujumbe wa sauti usio na jina wala tarehe unaweza kuwa wa mwaka jana. Ngoja redio mbili ziseme neno moja, au mkuu wa mtaa athibitishe. Lakini ukiona lava kwa macho yako, usingoje redio yoyote.

Kuhusu Ziwa Kivu, ni kweli kuna gesi nyingi iliyoyeyuka katika maji ya chini kabisa, kaboni na methani, na wataalamu wanaichunguza. Mwaka 2002 lava iliingia ziwani na gesi hiyo haikulipuka. Mtu akikuandikia kwamba ziwa litalipuka saa nane usiku, hana njia ya kujua hilo.

Kwa ndugu zetu wa Kalehe, wa Uvira na wa pande za magharibi mwa Rwanda, ambao hawana volkano lakini wana mito na milima: mipango ni ileile, mnabadilisha mahali tu. Tarehe 4 Mei 2023, Bushushu na Nyamukubi, maji na mawe yalishuka yakaua watu zaidi ya 400. Ilikuwa Alhamisi, siku ya soko Nyamukubi, watu wamekusanyika kando ya mto. Siku mbili kabla, usiku wa kuamkia tarehe 3, mvua ilikuwa imeua watu zaidi ya 130 huko Rwanda, wengi wakiwa wamelala. Kwenu mahali pawili pa kukutana pawe kila upande wa mto, pote pawe juu. Mvua kubwa ikinyesha milimani mchana kutwa, msingoje usiku mkiwa kando ya mto, nendeni mkalale kwa watu wa juu. Mto ukipungua maji ghafla wakati mvua bado inanyesha, kimbieni wakati huohuo: huenda udongo umeuziba huko juu, na utafunguka kwa mara moja.

MWENZAKE: Kuna mtu bado anauliza juu ya mbuzi wake.

MTANGAZAJI: (anacheka kidogo) Mbuzi mfungue. Aliyefungwa kamba hawezi kujiokoa, aliyefunguliwa mara nyingi hupatikana baadaye. Nguruwe na kuku vilevile, wafungulieni mlango. Nyumba fungeni kwa kufuli, ufunguo akae nao yule anayetembea nyuma.

Juma lijalo tutazungumza juu ya maji ya kunywa mahali mlipokimbilia, na jinsi ya kutengeneza maji ya sukari na chumvi kwa mtoto anayeharisha. Wekeni karibu kijiko cha chai na chupa ya lita moja, tutapima pamoja. Kwa leo, mimi na mwenzangu tunawaaga.

(Muziki wa kipindi hadi mwisho.)